Kiti cha mti mbichi kimelegea majira ya baridi: gundi, msumari, au nianze upya?

"Fundi, mimi ni seremala, kazi nilijifunzia Bukavu na sasa naishi Lexington, Kentucky. Mwaka jana mwezi wa sita jirani aliangusha mwaloni mweupe akanipa gogo. Nilikuwa nimeona katika mji wa Berea vile viti vya mgongo wa ngazi vya mafundi wa milima ya Appalachia, nikaambiwa wao hutengeneza kwa mti mbichi, bila gundi wala msumari, na kiti hudumu miaka mia. Nikapasua gogo, nikachonga miguu minne na vipago kumi (vijiti vya kukingama vinavyounganisha miguu), nikatoboa matundu ya inchi 5/8, nikagonga ndimi, yaani ncha za vipago zinazoingia matunduni, kwa nyundo ya mbao hadi zikakaza. Kazi yote ilikwisha ndani ya juma moja. Mpaka mwezi wa kumi kiti kilikuwa hakitikisiki. Tulipowasha hita kikaanza kulia, na kufika mwezi wa pili vipago vinazunguka kwa vidole, kimoja kimechomoka. Mwenzangu mmoja anasema nitie gundi nyeupe na msumari kila kiungo. Mwingine anasema nikilowanishe kwenye bafu, mti utavimba. Je, wale wazee wanasingiziwa? Na kiti changu nikifanyeje?"

Hujadanganywa, ndugu yangu, ila uliyemwuliza alikupa nusu ya maelezo. Katika viti vile kilicho kibichi ni miguu, tena si mibichi ya kuchuruzika maji. Vipago huingizwa vikiwa vikavu kuliko mbao yoyote utakayonunua dukani. Wanaosema "kiti cha mti mbichi" wanasema kwa mkato, na mkato huo umeharibu viti vingi, kwa sababu anayeusikia hufanya kama wewe: anachonga kila kitu kutoka gogo moja juma moja, anagonga, anafurahi, kisha anangoja majira ya baridi bila kujua.

Tuanze na kilichotokea ndani ya mti. Mwaloni mweupe ukiangushwa, kiini chake huwa na maji ya kiasi cha asilimia 64 ya uzito wa mti wenyewe ukiwa umekauka kabisa. Maji hayo yanapotoka, mwanzoni mti hausinyai hata kidogo, kwa kuwa yanayoondoka ni yale yaliyokaa wazi ndani ya vijibomba vyake. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo kuta za vijibomba zinapoanza kukauka, na hapo mti husinyaa. Haukosi mpangilio katika kusinyaa. Kwa urefu hupungua kiasi kisichofaa hata kupimwa. Kutoka kiinini kuelekea gomeni, mwaloni mweupe hupungua jumla ya asilimia 5.6 ukikaushwa mpaka mwisho. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mwaka hupungua asilimia 10.5. Shika tarakimu hizi mbili za mwisho, maana kiti chako kimelegea ndani yake.

Inchi 5/8 ni karibu milimita 16. Nyumba yenye hita wakati wa baridi huuvuta mti hadi unyevu wa asilimia 8, mara nyingi hata chini yake. Ulimi uliouchonga mbichi kwa milimita 16 sasa umepungua karibu milimita 1.2 kwa upande unaofuata pete, na karibu 0.7 kwa upande unaotoka kiinini. Umekuwa yai. Tundu nalo limebadilika, lakini kwa njia yake: mguu nao umesinyaa kwa upana, kwa hiyo tundu limebana kulia na kushoto, lakini kwa kwenda juu na chini, ambako ndiko nyuzi za mguu zinakoelekea, limebaki na milimita zake 16. Unaweza kuyahakikisha haya bila kifaa chochote. Shika kipago kilicholegea ukinyanyue na kukishusha, kisha kisukume kuelekea kulia na kushoto. Utaona kinacheza zaidi juu na chini. Kama kuna vipago viwili vinavyocheza tofauti, kile kilicholegea zaidi bila shaka uliingiza upande wa pete ukiwa umesimama wima.

Huko Bukavu usingeliona jambo hili kwa ukali kama huo. Nyumba isiyo na hita huupa mti hewa isiyobadilika sana mwaka mzima, na kiungo hukaa kilivyo. Kentucky ina kiangazi cha mvuke na baridi yenye hita, na mti ulio ndani ya nyumba hupanda hadi asilimia 11 au 12 kisha hushuka hadi 6, kila mwaka, bila kukosa. Kwa hiyo kiti cha huku hakiwezi kutegemea kukaza kwa siku ya kugonga. Lazima kiundwe kikijua kwamba kitavimba na kusinyaa.

Wazee wa milimani walikuwa na gogo, kisu cha mikono miwili cha kuvutia, benchi la kubania kwa miguu, keekee, na moto. Moto ndio sehemu ambayo hukuambiwa. Vipago vilichongwa mapema, vikaachwa karibu na jiko au juu yake mpaka vikose maji ya kutoa, na wengine walichomeka ncha zake kwenye mchanga wa moto kabla tu ya kuunganisha. Ulimi mkavu namna hiyo ukiingia ndani ya mguu wenye unyevu kiasi, unanyonya maji ya mguu na kuvimba. Mguu kwa upande wake unaendelea kukauka na kubana mbavu za ulimi. Watu hupenda kusema mguu "unaukaba" ulimi, nami nasema hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi, kwa maana tundu halisinyai kwenda juu na chini. Kinachobana juu na chini ni ulimi wenyewe unaovimba dhidi ya ncha ngumu za nyuzi za mguu.

Na hapa ndipo penye hila. Ukitumia mguu uliolowa kabisa, ulimi hunywa maji kupita kiasi, huvimba kwa nguvu pasipo na nafasi, na nyuzi zake husagika. Nyuzi zilizosagika hazirudi. Mguu ukishakauka, ulimi hukauka pia na kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa siku ulipoingia. Ndiyo sababu mguu unaofaa ni wa unyevu wa asilimia 15 hadi 20, si wa gogo la jana.

Hilo linamjibu rafiki yako wa bafu. Ndimi zitavimba kweli, kiti kitakaza, nawe utalala ukishangilia. Lakini zitakuwa zimevimba ndani ya matundu yasiyopanuka, zitasagika, na zikikauka utakuwa na ulegevu mkubwa kuliko wa leo. Ni afadhali usifanye lolote kuliko kukilowanisha.

Msumari ni mbaya zaidi. Kwanza, hauondoi mwanya. Unakifunga tu kipago kisichomoke huku kikiendelea kucheza, na kwa kila mchezo msumari unapanua njia yake. Pili, mwaloni una tindikali inayokula chuma na kuacha doa jeusi linalopenya ndani. Tatu, mguu wa milimita 33 uliotobolewa matundu hauna nyama ya kubeba msumari. Mara nyingi hupasuka kwa mstari unaopita tundu hadi tundu. Na anayekuja kukarabati baada yako atakulaani.

Gundi nyeupe ina heshima yake kazini, lakini hapa haina pa kushika. Inataka nyuso mbili zinazogusana, si mwanya wa karibu milimita moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya ukuta wa tundu ni ncha za nyuzi, zinazonyonya gundi na kuacha kiungo kikavu. Itashika msimu mmoja, itavunjika, na masalia yake yatazuia gundi yoyote nyingine kushika.

Usifikiri kwamba nawatetea wazee kama watu wa dini isiyoruhusu kigingi. Kibao cha juu cha mgongo, katika viti vingi vya Appalachia, kimepigwa kigingi cha mti kila upande kupitia mguu, kwa sababu hapo ndipo mtu anaposhika anapokivuta kiti. Chester Cornett wa mashariki mwa Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufa mwaka 1981, alipiga vigingi kwa wingi na alipenda miguu yenye pande nane aliyoichonga kwa kisu cha kuvutia. Aliunda hata kiti cha kubembea chenye miguu minane. Kwa hiyo "bila gundi wala msumari" ni kweli ya jumla, si sheria.

Sasa kiti chako. Ukweli ni kwamba miguu yako imeshakauka, na ile nafasi ya kuunganisha kikavu na kibichi imepita kwa kiti hiki. Hata hivyo kinaokolewa, na mimi ningekiokoa, kwa sababu miguu iliyopasuliwa kufuata nyuzi haipatikani kwa seremala wa kununua mbao.

Kabla ya kukifungua, chukua tochi uangalie ndani ya lile tundu lililo wazi. Baadhi ya mafundi huunganisha kwanza upande wa mbele na wa nyuma, kisha hutoboa matundu ya ubavuni karibu sana kiasi kwamba yanakata kidogo, kama milimita 2, ndimi za vile vya kwanza. Kipago cha ubavu kikiingia, kinakuwa komeo la kipago cha mbele. Ukiona ubavu wa ulimi mwingine ndani ya tundu, kiti chako nacho kimefungana hivyo, na lazima vipago vya ubavu vitoke kwanza. Ukianza na vya mbele utavivunja. Kama matundu yako uliyaweka kwa vimo tofauti yasikutane, anza popote.

Vichomoe vyote, hata vile vinavyoonekana vimekaza, na uandike namba kwenye kila tundu. Vipago vya zamani usivitupe ikiwa mwili wake ni mnene wa kutosha: kipago chenye unene wa milimita 20 katikati kinaweza kukatwa ncha na kuchongwa ndimi mpya, ila kiti kitapungua upana kwa milimita 50 hivi, yaani milimita 25 kila ncha, na lazima upunguze vyote vya upande huo na wa mkabala wake sawasawa. Mimi ningepasua vipya. Vikaushe kwa namna nitakayoeleza chini. Kisha pima kila tundu kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), kimo na upana, maana utakuta kimo karibu 16 na upana karibu 15. Hapa wengi hukosea kwa kuchonga ulimi wa mviringo wa kujaza kimo, wakaugonga, na mguu ukapasuka, kwa sababu umetumika kama kabari. Chonga ulimi wa umbo la yai: kimo kizidi tundu kwa milimita 0.3 hivi, ubavu uteleze kwa shida kidogo tu. Upande wa ulimi uliokuwa ukielekea kiini cha mti uwe juu au chini, na pete zilale kama sakafu, ili upande unaosinyaa kidogo ndio usimame wima ambako tundu halibadiliki.

Kwa kiti hiki ningetia gundi ya ngozi, ile inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama, kwa kuwa miguu mikavu haitatoa maji mengi ya kuuvimbisha ulimi. Ulimi uliokaushwa hadi asilimia 4 utavimba kidogo tu ukifika kwenye asilimia 8 ya hewa ya nyumba, kama milimita 0.1 kwa kimo. Si haba, lakini unahitaji msaada. Gundi ya ngozi hulegea kwa joto na maji, kwa hiyo atakayekifungua baada ya miaka thelathini hatalazimika kuvunja.

Kuna njia nyingine ambayo utaisikia, ya kupasua ncha ya ulimi na kuweka kabari ndogo itakayoukunjua ndani ya tundu. Inabana vizuri mno, na hilo ndilo tatizo: usipopima kina kwa uangalifu, kabari inagota kabla ulimi haujafika mwisho na kipago kinabaki nje milimita tano, hakiingii wala hakitoki. Kwa tundu la kina cha milimita 25 siipendekezi.

Kiti cha pili ndicho utakachojengea jina. Tafuta gogo lenye gome ambalo mistari yake imenyooka kutoka chini kwenda juu. Ikizunguka, nyuzi za ndani nazo zimezunguka na hutapata mguu ulionyooka. Kipenyo cha sentimita 30 au zaidi kinatosha, bila vifundo. Pasua nusu kwa nusu, kila mara ukigawanya sehemu mbili zenye unene sawa, kwa sababu mpasuko hukimbilia upande mwembamba. Ukiona unakimbia, geuza gogo, upande mnene uwe chini, ukandamize huo.

Chonga vipago kwanza, tena wiki kadhaa kabla ya miguu. Hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini, ni bora kuliko mwaloni kwa kazi hii kwa sababu haivunjiki kirahisi, ingawa mwaloni mweupe unafaa. Viache na unene wa ziada, milimita 20 hadi 22, na usichonge ulimi bado. Viache hewani wiki mbili, kisha viingize kwenye sanduku la mbao lenye taa mbili za zamani zinazotoa joto, au juu ya tangi la maji moto, mahali penye joto la nyuzi 45 hadi 60 za Selisiasi. Weka matundu madogo juu na chini hewa ipite. Pima vipago vitatu kwa mizani ya jikoni kila siku na uandike ubavuni mwake. Uzito usiposhuka kwa siku tatu mfululizo, vimekauka. Hapo, si kabla, ndipo unachonga ndimi, kwa sababu vilivyokuwa mviringo vimeshakuwa yai. Vihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi dakika ya kugonga. Mwezi wa saba Kentucky, kipago kilichoachwa mezani usiku kucha kinakuwa kimeanza kunywa hewa.

Miguu ya nyuma chemsha au pika kwa mvuke kama saa moja kwa kila inchi ya unene, kisha ikunje kwenye kiunzi na uiache humo wiki moja au mbili. Muda huohuo unaishusha kwenye unyevu unaotakiwa. Ya mbele iache pamoja nayo. Kila mguu uache na sentimita 5 za ziada juu na chini hadi kiti kikamilike, maana tundu lililo karibu na ncha ndilo linalopasuka.

Kwa mguu wa milimita 35, tundu la kina cha milimita 25 linaacha ukuta wa milimita 10. Kama ncha ya keekee yako ina skrubu ndefu mbele, itatokea upande wa pili. Ichonge kwa tupa ifupike kabla hujaanza. Toboa tundu la majaribio kwenye kipande cha mti mgumu mkavu. Ulimi mzuri unaingia mdomo tu kwa kuzungushwa, na kuacha alama inayong'aa pembezoni. Ukiingia wote kwa mkono, ni mwembamba. Ukikataa kabisa hata mdomo, punguza kimo kwa kukwangua, kisha kata mbavu bapa kidogo kulia na kushoto zisisukume mguu upasuke. Wakati wa kugonga, sikiliza: sauti hubadilika kutoka nzito hadi kali ulimi unapogusa mwisho wa tundu. Acha hapo hapo. Pigo moja la ziada limetoboa miguu mingi.

Usisuke kikalio mara moja. Kiache kiti ndani ya nyumba angalau mwezi, kikauke. Gome la ndani la hikori huvunwa kuanzia masika hadi mwanzo wa kiangazi, wakati utomvu unapanda na gome linavulika kirahisi. Hukwanguliwa gome la nje, kisha la ndani likachanjwa vipande vya upana wa sentimita 2 hivi, likavuliwa. Likishakauka hulowekwa tena vizuri ndipo lisukwe. Linasinyaa linapokauka, kwa hiyo suka kwa kubana, kisha baada ya wiki sogeza safu na uongeze zinazotakiwa.

Zipo hali ambazo maandishi hayatoshi. Mguu ukiwa na ufa unaopita katikati ya tundu, usiutie gundi na kumkalisha mtu mzima. Mpe fundi aushike mkononi, au utengeneze mguu mwingine. Ukinunua kiti cha zamani cha milimani chenye rangi, usikikwangue wala kukipiga msasa kabla ya kukipima, kwa kuwa Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na vya kabla ya hapo vinaweza kuwa nayo; vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kiti cha namna hiyo kionyeshwe kwanza kwa mtu anayejua thamani yake, maana ndimi mpya zinaweza kukipunguzia bei kuliko ulegevu wake.

Kwa kujifunza kwa mkono, uko karibu. Berea ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kusini ya Lexington, na chuo cha Berea kina shule ya useremala ya Pine Croft. Mbali kidogo, Brasstown katika North Carolina, kuna John C. Campbell Folk School iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako hufundishwa kazi za mbao pamoja na uchongaji wa sanamu ndogo uliokipa kijiji hicho sifa. Ukienda, chukua kipago kimoja kilichochomoka na mguu wenye tundu lake. Mwalimu mzuri atakuonyesha kwa dakika tano, kwa kuugeuza tu ulimi kwenye mwanga, upande uliokuwa umesagika na upande uliokuwa haugusi kitu.